Kadi Ambayo Haikuonwa

Katika nyumba ya Babu Kelestini, pale Viwanja Sitini, siku haikuanza kwa chai. Ilianza kwa maswali. Odilia alipokwisha kufagia uwanja na kuwafungulia kuku, alikwenda kupiga goti mbele ya kiti cha babu yake. Mzee alikuwa tayari amenyoa ndevu na kufunga vifungo vyote vya shati.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Geti la nyuma limefungwa?”

“Limefungwa, babu.”

“Umeliona komeo kwa macho yako, au umelikumbuka tu?”

Ukweli ni kwamba Odilia alikuwa amelikumbuka tu. Akainuka, akazunguka uani, akalitazama komeo, akarudi. Lilikuwa limefungwa, sawasawa na alivyosema.

“Baba naye!” alicheka Dativa, mke wa baba yake mdogo, akiwa ameegemea mlango huku mkono umeshika kiuno. Mimba yake ilikuwa kubwa, na kila hatua aliipima. “Huyu ni mtoto, si behewa la kukaguliwa kila kituo.”

“Behewa lisilokaguliwa hufika lilikotaka lenyewe,” akajibu Babu Kelestini. Alikuwa mtumishi wa reli huko Mang'ula tangu ujana wake hadi alipostaafu, na reli haikuwahi kumtoka mwilini.

Odilia alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Wazazi wake walifanya kazi katika mashamba ya miwa, nao walimwacha Ifakara asome chini ya jicho la babu. Aliyemlea hasa ni huyo Dativa. Ndiye aliyemsuka nywele, aliyemfundisha kupika wali usiwe bokoboko, na aliyemtetea maswali ya babu yalipozidi. Odilia alimwita mama, bila neno mdogo.

Siku hizo masika yalikuwa yamekwisha kuingia. Nusu ya majirani walikuwa wamehama na masufuria yao na kuku wao, wakaenda kuishi vibandani bondeni, karibu na mashamba ya mpunga, kama wafanyavyo watu wa Kilombero kila mwaka. Nyumba zao mjini zilibaki na kufuli mlangoni, wala hakuna aliyeshangaa. Mpunga ukishaota humwita mwenyewe, ama sivyo huliwa na ndege.

Alasiri, baada ya masomo, Odilia alikwenda kwenye klabu ya kompyuta ya shule yao. Klabu hiyo iliongozwa na Mwalimu Aikande, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo ambayo hata hivyo ilifika hadi dawati la mwisho. Kompyuta zilikuwa chache na za zamani, lakini mwalimu alikuwa na kishikwambi, na kwa hicho aliwafundisha wanafunzi kutengeneza programu za simu zenye hifadhidata ndani yake.

Siku ya kwanza hakuwasha chombo chochote. Aliwapanga wanafunzi uwanjani kwa mistari.

“Kila mstari ni mtu mmoja,” alisema. “Ukitoka kushoto kwenda kulia, unakutana na mambo ya mtu huyo huyo: jina, mtaa, simu. Ukishuka kutoka juu kwenda chini, unakutana na jambo moja la watu wote. Hilo ndilo jedwali, na hifadhidata ni ghala la majedwali. Simu hailijui jambo lolote zaidi ya hayo mliyoyaweka ghalani.”

“Na ghala tukiliwekea uongo, mwalimu?” aliuliza Justin, mvulana wa darasa lao, ambaye hakukosa neno la kuchekesha wenzake.

“Litautunza vizuri sana. Simu haina macho, Justin. Haitofautishi mchele na mchanga. Itakurudishia uongo wako ukiwa umepangwa kwa herufi, unapendeza, na watu watauamini kwa sababu umetoka kwenye kioo.”

Wanafunzi walipotakiwa kuchagua tatizo la kweli la mji wao, Odilia ndiye aliyeinua mkono. Alikuwa amewaona watu wakikimbia mitaani kutafuta wa kuchangia damu, huku mgonjwa wao akiwa kitandani. Akasema, kwa nini wasitengeneze programu ya kuonyesha nani ana damu ya kundi gani, anakaa wapi, na namna ya kumpata? Mwalimu Aikande akaliandika wazo hilo ubaoni kwa herufi kubwa. Programu ikaitwa Damu Jirani.

Waliijenga kwa muda mrefu na kwa taabu. Umeme ulikatika, kishikwambi kiliishiwa chaji, na programu iliyofanya kazi jana leo ilikataa hata kufunguka. Odilia hakukata tamaa. Alijifunza kuunganisha jedwali moja na jingine, alijifunza kutafuta kosa mstari kwa mstari. Halafu Mwalimu Aikande akaongeza sharti moja. Mwisho wa kila mstari palikuwa na swali: Kadi imeonwa? Mtu aliyewahi kuchangia damu hupewa kadi yenye kundi lake, na mwandishi alipaswa kuiona. Asipobonyeza “Ndiyo”, programu ilikataa kuhifadhi.

Basi wakapita mitaani, wakifuatana na Nesi Scolastica wa zahanati, wakiomba ridhaa ya kila mtu kabla ya kuandika. Katika mashine ya kukoboa mpunga walimkuta mwanamke kijana, kichwa na nyusi vimejaa pumba, akipima debe. Jina lake Rosemery.

“Mimi ni O hasi,” alisema kwa fahari. “Daktari aliniambia damu yangu ni ya nadra, nijitunze.”

“Tunaomba kadi, dada,” alisema Odilia.

“Kadi ilikwenda na mafuriko ya mwaka juzi. Pamoja na kitanda.”

Nesi alikuwa amebaki nyuma akizungumza na mama mmoja. Odilia na Justin wakatazamana.

“Bila kadi programu haikubali,” alisema Odilia.

“Kwa hiyo mimi mwongo?” Rosemery akageukia debe lake. “Haya, nendeni na programu yenu.”

Wakaenda.

Ilipokaribia siku ya kuja wageni kutoka halmashauri, Mwalimu Aikande aliwaambia wafanye mazoezi ya kuonyesha. Odilia alitafuta A chanya, yakatokea majina. Akatafuta B chanya, yakatokea. Akatafuta O hasi. Kioo kikaandika neno moja: Hakuna.

“Hapo umechemka, Profesa!” alisema Justin. “Programu ina pengo kama bibi yangu. Mgeni akibonyeza hapo je? Utamwambia asubiri meno yaote?”

Watoto wote wakacheka. Odilia naye alicheka, lakini masikio yalimwaka moto. Alipobaki peke yake na kishikwambi aliliangalia lile neno kama mtu anavyoangalia doa kwenye sare. Alimfikiria Rosemery. Lakini kumwandika Rosemery kungejulikana, kwa maana Justin alikuwapo alipokataliwa. Ndipo akamkumbuka Mzee Fulgence, jirani yao, ambaye nyumba yake ilikuwa na kufuli kwa sababu amehamia shamba. Mzee Fulgence aliwahi kusimulia barazani kwa babu kwamba alipata kutoa damu zamani. Kundi gani, hakusema. Naye yuko bondeni kabisa, ng'ambo ya daraja, mahali ambapo simu haishiki mtandao. Nani angemuuliza?

Odilia akaandika: Fulgence. O hasi. Mashambani, ng'ambo ya daraja. Kidole kikasimama juu ya swali la mwisho. Kadi imeonwa?

Akabonyeza “Ndiyo”.

Ni kwa ajili ya maonyesho tu, alijiambia. Nitamfuta kesho.

Maonyesho yalifana. Mgeni mmoja, bwana mnene mwenye miwani, alibonyeza O hasi kweli, jina likatokea, akapiga makofi. Nesi Scolastica alifurahi kupita wote, akaomba programu ipakiwe siku ile ile kwenye simu yake ya kazi. Odilia alisimama akiiona inaingia humo na Fulgence wake ndani. Kumfuta sasa kulitaka aende zahanati, aombe simu, na aeleze kwa nini. Kesho ikawa wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa baada ya mtihani. Kila alipompita Nesi Scolastica njiani alimsalimu haraka akatazama chini. Kosa dogo likilazwa huamka likiwa limenenepa.

Jumamosi moja yenye mvua, Dativa alishikwa na uchungu. Mumewe Alex, ambaye aliendesha bodaboda, alikodi bajaji, akampeleka hospitali pamoja na Nesi Scolastica aliyekuwa amemhudumia kliniki; Alex mwenyewe akafuata nyuma kwa pikipiki yake. Babu Kelestini na Odilia walifuata na beseni, kanga na chupa ya chai. Walikaa kwenye benchi la nje, mvua ikipiga bati kiasi cha kuwafanya watu wazungumze kwa kuelekezana midomo masikioni.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Babu aliinua kofia yake akashukuru. Lakini Nesi Scolastica aliporudi nje, uso wake haukuwa uso wa mtu anayeleta hongera.

“Mama anatoka damu,” alisema. “Nyingi. Madaktari wanahangaika kuizuia, lakini ile iliyopotea lazima irudishwe. Damu yake ni O hasi, na akiba ya kundi hilo imekwisha. Wameomba kutoka Morogoro, ila kwa mvua hii gari halitafika leo. Ndugu zake wako wapi?”

“Songea,” alisema Alex. “Wote wako Songea, nesi.”

“Basi hapa hapa tuna njia.” Nesi akatoa simu mfukoni, akatabasamu kwa mara ya kwanza. “Mungu ni mwema. Tuna kazi ya mikono ya binti yenu.”

Odilia alihisi benchi likizama. Akakiangalia kidole cha nesi kikishuka kwenye kioo, kikatafuta, kikatua.

“Yupo! Fulgence, jirani yenu kabisa. Kadi imeonwa. Anapatikana mashambani, ng'ambo ya daraja.”

“Fulgence!” Alex alikuwa amekwisha kusimama. “Kibanda chake nakijua. Ninamfuata.”

“Njia imejaa tope, baba mdogo,” alisema Odilia. Hilo ndilo neno pekee lililomtoka.

“Nitabeba pikipiki mgongoni ikibidi!”

“Nesi,” Odilia alijaribu tena, akimshika Scolastica ukingo wa sare. “Yupo na dada mmoja, Rosemery, wa kwenye mashine ya mpunga. Alisema na yeye ni O hasi. Labda tumwite huyo kwanza?”

“Mmeiona kadi yake?”

“Hapana. Ilipotea.”

“Mwanangu, watu wengi husema hivyo, ukiwapima unakuta vingine. Tunaye aliyeonwa kadi. Mwache mtu na kazi yake.” Akampapasa bega kwa upole. “Tulia. Umekwisha kufanya sehemu yako.”

Alex akawasha pikipiki, akapotea kwenye mvua. Watu waliokuwa barazani, waliosikia habari, walimsogelea Babu Kelestini wakampa mkono. Mama mmoja aliyekuwa akimwuguza mumewe alisema, “Mzee, umelea. Mjukuu wa umri huu!” Babu hakuzoea kusifu, lakini aliweka kiganja chake kikavu juu ya kichwa cha Odilia, akakiacha hapo. Kiganja kile kilikuwa kizito kuliko ndoo ya maji.

Wakasubiri. Mlango wa wodi ulifunguka, ukafungwa. Kila ulipofunguka Odilia alijaribu kuusoma uso wa aliyetoka. Mara moja alimwona mhudumu amebeba mashuka yaliyolowa wekundu, akafumba macho, na hata alipoyafumba aliendelea kuyaona. Ndani ya chumba kile alikuwamo mtu aliyemlea, anaishiwa. Na nje, barabarani, baba yake mdogo anapigana na tope kumfuata mtu ambaye jina lake lilichaguliwa kwa sababu tu hangeulizwa. Simu ya Alex, kila nesi alipopiga, ilijibu kwamba haipatikani. Hapakuwa na mtu wa kumrudisha.

Alihesabu njia zote za kutoka pasipo kusema, akaona zote zimezibwa. Angeweza kukimbilia mashineni peke yake, lakini Rosemery angemfuata mtoto kwa sababu gani, na nani hospitalini angempokea wakati wanamngoja Fulgence? Pengine Fulgence ni O hasi kweli. Pengine. Alilishika neno hilo kama mtu anayezama anavyoshika jani la gugu maji. Jani halikumwinua.

Nesi Scolastica alitoka tena. “Mpigo wa moyo umeanza kuwa dhaifu,” alimwambia babu kwa sauti ya chini. “Huyo Fulgence na afike upesi.”

“Atafika,” alisema Babu Kelestini. “Ameandikwa.”

Neno hilo ndilo lililomvunja Odilia. Alianguka magotini, pale pale kwenye sakafu yenye tope la viatu vya watu.

“Babu, hakuandikwa! Yaani, nilimwandika mimi. Sikuiona kadi. Sijui damu yake ni ya kundi gani. Niliweka tu, kwa ajili ya wageni, ili pasitokee hakuna.”

Babu hakumpiga. Ingekuwa nafuu. Alimtazama, na uso wake ukazeeka mbele ya macho ya mjukuu wake. Kisha akamshika mkono akamwinua.

“Mficha uchi hazai,” alisema. “Uliyoniambia mimi hayamsaidii mgonjwa. Mwambie anayeweza kufanya kitu. Sema yote.”

Odilia alisema yote mbele ya Nesi Scolastica.

“Odilia! Hospitali haimtii mtu damu bila kuipima, kwa hiyo uongo wako usingemwua kwa sindano. Ungemwua kwa kumchelewesha. Unajua ni watu wangapi sikuwatafuta kwa sababu nilidhani nimempata mmoja?” Akapumua kwa nguvu, akajizuia. “Haya. Huyo wa mashine. Anaitwa nani?”

“Rosemery.”

“Unamjua kwa sura?”

“Ninamjua.”

“Panda bajaji hiyo na babu yako. Mimi nampigia Mwalimu Aikande atangaze kwa walimu wenzake na vyuoni. Hatutamngoja mtu mmoja tena.”

Mashineni kulikuwa na foleni ya magunia na mngurumo wa injini. Rosemery alimtambua Odilia kabla hajasalimiwa, akaweka mikono kiunoni.

“Wa programu! Leo mmekuja na kiti cha hukumu?”

“Shikamoo, dada. Naomba unisamehe.” Odilia ilibidi apige kelele kuishinda mashine, na watu wote wakageuka. “Ulisema kweli tukakukataa. Mimi nikaandika mtu ambaye sikumwuliza. Sasa mama yangu anatokwa na damu na hatuna mtu. Tunaomba uje upimwe.”

Rosemery alimtazama mtoto, akamtazama mzee mwenye kofia mkononi aliyelowa pamoja naye. Kisha akamgeukia mwendesha mashine. “Zima kwanza,” alisema. Kukawa kimya. “Amejifungua leo?”

“Leo, asubuhi.”

“Na mnasimama hapa kuniomba msamaha? Msamaha utasubiri. Twendeni!”

Akapanda bajaji akiwa na pumba zake nyweleni mpaka nyusini. Hospitalini walimpima haraka, na Odilia, aliyebaki nje ya mlango wa maabara, aligundua kwamba hajui hata kuomba. Alisema tu, “Iwe. Iwe. Iwe.”

Mlango ukafunguka. “O hasi,” alisema mtaalamu wa maabara. “Aingie alale.”

Chupa ya damu ya Rosemery ilipita mbele ya benchi lile mikononi mwa nesi, nyeusi na nzito. Odilia hakuweza kuisindikiza zaidi ya kwa macho. Baadaye alifika mwalimu mmoja wa sekondari, aliyeitwa kwa tangazo la Mwalimu Aikande, kadi yake mkononi, naye akatoa. Hata hivyo hawakuambiwa kwamba mambo yamekwisha. Waliambiwa wasubiri. Na kusubiri huko, ambako mtu hana la kuongeza wala la kupunguza, kulikuwa kugumu kuliko kukimbia.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama, na mvua imepungua kuwa manyunyu, Alex alipoingia akiwa ametapakaa tope mpaka kifuani, nyuma yake Mzee Fulgence hana viatu.

“Yuko wapi mgonjwa?” aliuliza Fulgence kwa kishindo. “Nimeambiwa damu yangu ni dhahabu! Miaka yote hii naishi nayo sijui!”

Hakuna aliyecheka. Wakampima. Majibu yalikuwa A chanya, damu ya watu wengi kabisa. Odilia akamwendea, akapiga goti, akamweleza. Alex, aliyekuwa amesimama karibu, alisikia. Aliinua mkono, ukabaki hewani, kisha akaushusha akajifuta nao uso, akaenda kusimama ukutani akiwapa watu wote mgongo. Mgongo ule Odilia hakuusahau.

Mzee Fulgence alivichezesha vidole vya miguu kwenye tope lake mwenyewe. “Kwa hiyo,” alisema mwishowe, “nimeacha mpunga kwa ndege, nimevuka madimbwi ya maji yanayofika kiunoni, kwa sababu wewe uliogopa kuchekwa na watoto wenzako.”

“Ndiyo, mzee wangu.”

“Haya. Nesi! Maadamu nimefika, nitoeni hii hii ya A chanya. Sitarudi bondeni nayo yote kama mjinga.”

Giza lilipoingia, Nesi Scolastica alikuja akakaa kwenye benchi kati ya babu na mjukuu. Kutokwa na damu kulikuwa kumesimama. Mpigo ulikuwa umerudi. Dativa alikuwa amefumbua macho, ameuliza habari za mtoto, kisha ameuliza kama Odilia amekula. Odilia aliposikia hilo la pili alijifunika uso kwa kanga, akalia mpaka mabega yakachoka. Alfajiri gari la Morogoro lilileta damu nyingine.

Dativa aliporudi nyumbani na kitoto chake, Babu Kelestini aliwaita Mwalimu Aikande, Nesi Scolastica, Rosemery na Justin, akawaketisha barazani. Odilia alisimama. Hakuambiwa asimame, lakini aliona hivyo ndivyo inavyofaa.

“Mimi sina elimu ya hizo simu zenu,” alianza Babu Kelestini. “Mimi nilishika bendera. Kule Mang'ula, treni ilipokuwa inakuja, dereva hakuiona reli iliyo mbele ya kona. Aliiona bendera yangu tu. Ya kijani maana yake ni kwamba nimekwenda kwa miguu yangu, nimeitazama njia, na hakuna gogo, hakuna tembo, hakuna maji. Ulipokuwa usiku wa mvua nami nimechoka, niliijua njia ile kama ninavyokijua kiganja changu, na bado nilikwenda kuiona. Kwa sababu nyuma ya dereva walilala watu ambao hawakunijua, na wote walikuwa wamelalia neno langu.”

Akamtazama mjukuu wake.

“Odilia, ulipobonyeza ‘Ndiyo’ uliinua bendera ya kijani kwenye njia ambayo hukuitembea. Nesi akaiamini. Baba yako mdogo akaingia kwenye maji kwa ajili yake. Kipaji chako ninakijua, nami ninajivunia, hilo sitalificha. Lakini kadiri chombo kinavyokuwa na nguvu, ndivyo uongo unaowekwa ndani yake unavyokwenda mbali na haraka. Aibu ya kusema ‘hakuna’ ni ya dakika moja. Umeona ya kusema ‘ipo’ wakati haipo inavyodumu.”

“Nimeona, babu.”

“Mimi pia nina sehemu yangu,” alisema Justin, macho yakiwa chini. “Nilimcheka.”

“Umesema vema. Na kicheko kina mzigo wake.”

Mwalimu Aikande akafungua kishikwambi. “Na programu nayo ina kasoro ambayo ni yangu kuirekebisha,” alisema. “Ililazimisha ‘Ndiyo’. Haikumpa mtu mahali pa kusema kweli kwamba hajui. Odilia, kaa hapa. Tutaongeza jibu la pili.”

Odilia akaketi. Kwanza alimtafuta Fulgence, akalifuta kundi la O hasi, akaandika A chanya, kama lilivyoonwa maabara. Kisha, mwalimu akimwelekeza, akaongeza kwenye swali la kadi neno jipya: Bado. Mtu asiye na kadi sasa angeweza kuandikwa, akajulikana kwamba hajathibitishwa, akaitwa kupimwa. Alipomaliza alimgeukia Rosemery.

“Dada, nikuandike?”

“Niandike vizuri,” alisema Rosemery, akitoa kadi mpya kwenye pochi. Odilia akanyoosha mkono, akaipokea, akaisoma herufi kwa herufi, ingawa alijua kilichomo. Ndipo akabonyeza “Ndiyo”.

Asubuhi iliyofuata alifagia uwanja, akawafungulia kuku, akaenda kupiga goti mbele ya kiti cha babu yake. Ndani ya nyumba kitoto kilikuwa kinalia, na Dativa alikibembeleza kwa sauti ambayo bado ilikuwa dhaifu.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Geti la nyuma limefungwa?”

Odilia alifungua kinywa, akakifunga.

“Sijui, babu,” alisema. “Ngoja nikalione.”

Naye akainuka, akaenda.